Mshenga wa Maboga

TANGAZO RASMI. Wasomaji wote, wake kwa waume, waliooana, walioachana na wanaosubiri mtandao urudi, mnaarifiwa kwamba msimulizi wa kisa hiki ni mwanafunzi wa bweni, binti mwenye adabu, ambaye hakuhusika kwa namna yoyote na mapenzi ya watu wazima wanaotajwa humu. Mikono yake ni safi.

Sawa, siku ile mikono ilikuwa na unga wa njano. Lakini ule ulikuwa wa maboga.

"Dada, samahani. Hayo maua unayapaka rangi?"

Sauti ilitoka juu. Shangazi yangu alikuwa amechutama katikati ya maboga yake huku uani, brashi ndogo mkononi. Akainua uso. Upande wa pili wa ukuta, juu ya ngazi, alisimama mwanamume aliyevaa ovaroli yenye madoa ya kila rangi. Alikuwa ameletwa kupaka nyumba ya jirani.

"Siyapaki rangi," alijibu Shangazi. "Nayaoza."

"Unayaoza?"

"Natoa unga kwenye ua dume napeleka kwenye ua jike. Nyuki huku kwetu hawaji, kwa hiyo mshenga nimekuwa mimi."

"Na yanakubaliana?"

Shangazi akaokota kiboga kidogo chini ya jani. Kilikuwa sawa na kidole gumba, cheusi na laini. Akakiinua ili aliye juu ya ngazi akione.

"Leo nayaoza, keshokutwa yanaoza."

Fundi Rangi alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Shangazi hakucheka. Aliingia ndani, akakaa kwenye cherehani, na kwa muda mrefu hakukanyaga pedali.

Niwaeleze kwa nini. Shangazi ni dada yake baba, fundi cherehani. Likizo zangu zote napelekwa kwake kwa sababu nyumbani wanasema wanahitaji kupumzika. Aliwahi kuolewa. Kule kwa wakwe kulikuwa na neno moja dogo, kushika. Ua likishika linakuwa boga, mwanamke akishika anakuwa mama. Wakwe walilisema neno hilo sebuleni, jikoni na mbele za wageni: "Huyu hashiki." Mwishowe alirudi na cherehani yake, akapanga nyumba hii yenye ua mdogo, akapanda maboga. Na maboga nayo, msimu wa kwanza hayakushika. Wa pili, hivyo hivyo.

"Kasuku," aliniambia siku ile. Hilo ndilo jina analoniita, sijui kwa nini. "Baba yako ameniandalia chumba cha kushonea huko kwenu. Shule zikikaribia kufunguliwa, nahama."

"Kwa sababu ya maboga?"

"Kama hata boga halishiki mikononi mwangu, hapa nang'ang'ania nini?"

Nilitaka kufanya mzaha. Badala yake nikaenda kumwagilia maboga.

Kesho yake Fundi Rangi aliomba namba ya simu, eti wajadiliane rangi ya baraza letu. Baraza letu lilikuwa limepakwa rangi vizuri tu. Jioni ujumbe ukaingia:

"Habari fundi mwenzangu. Kesho naomba niingie kwenye ua lako nione maboga"

Shangazi alisoma, akasoma tena, akaziba mdomo kwa mkono.

"Kasuku, wewe si umesoma? Hapa kuna kosa gani?"

"Ngeli, Shangazi. 'Ua wako' ni uwanja. 'Ua lako' ni..."

"Nyamaza. Nimeelewa."

Akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kama anavyoandika siku zote, bila nukta wala mkato:

"karibu ila ua wangu una geti na ua langu lina miba"

Kutoka hapo, walianza kuitana "Fundi", wote wawili, mpaka mtu asiyewajua angedhani wanagombea kazi moja. Fundi Rangi alikuja kuchaji simu barazani kwetu kwa sababu nyumba ya jirani umeme ulikuwa umekatwa. Alikuja kuomba maji, kuomba kamba, kuomba maoni.

"Fundi, ukihama, nani atanigombeza nikidondosha rangi kwenye kamba yako ya nguo?"

"Utapata mwingine wa kukugombeza."

"Simtaki mwingine."

Shangazi akainamisha kichwa, akatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kwa kasi ya ajabu. Kutoka kwenye simu ya Shangazi ulitoka ujumbe huu:

"Nyuki wakija wenyewe katika ua wangu, nitalisikiliza neno lako; wasipokuja, nitahama."

Na kutoka kwenye simu ya Fundi, siku hiyo hiyo, ikiwa barazani inachajiwa, ulitoka huu:

"Usihame kabla maboga hayajashika; nina neno zito."

Msimulizi hana la kuongeza.

Kesho yake asubuhi Fundi aligonga geti kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa imejaa. Alibeba waridi, tena waridi jekundu, maua makubwa kama kabichi, petali juu ya petali juu ya petali. Nyuma yake mkokoteni ulileta mengine, mekundu vilevile.

"Fundi!" Shangazi alishika kiuno. "Hii ni bustani au mahari?"

"Nyuki watakuja. Mimi ni mtu wa rangi. Hakuna rangi inayoita kama nyekundu."

"Nani kakwambia nataka nyuki?"

Fundi alitabasamu kwa siri, kama mtu anayetunza ahadi. Shangazi naye akatabasamu, akidhani mtu huyu amejitungia mwenyewe jambo jema kiasi hicho. Mimi nilikwenda kuosha vyombo bila kuambiwa.

Tukasubiri. Majirani walichungulia, wakasifu, wakapiga picha. Nyuki mmoja tu ndiye aliyepita. Alizunguka waridi, akatua, akatembea juu ya petali kutoka chumba hadi chumba akitafuta mlango, kisha akaruka zake kama mgeni aliyebisha hodi asijibiwe.

"Labda hajapenda rangi," nilisema.

"Kasuku, huna nguo za kufua?"

Fundi alikaa kwenye kizingiti, ovaroli yote imelegea. Sijawahi kuona mtu mzima akiaibishwa na mdudu.

Siku chache baadaye, mchana, simu ya Shangazi iliita.

"Fundi, njoo ukutani. Panda kiti. Polepole, usipige kelele."

"Umeanguka?"

"Njoo tu."

Tulipanda wote wawili kwenye benchi la cherehani, tukachungulia. Kwenye ua wa jirani Fundi alikuwa ameanika vifuniko vya ndoo za rangi vikauke juani: cha bluu, cha njano, cha zambarau, chekundu. Yeye mwenyewe alikuwa amechutama, chakula kimepoa mkononi.

Nyuki walikuwa wanakuja. Mmoja alitua kwenye cha bluu, akakigusa kwa vipapasio, akaona amedanganywa, akahamia cha njano. Mwingine akaja moja kwa moja kwenye cha zambarau. Kile chekundu wakakipita, wakakipita tena, kama vile pale chini hapakuwa na kitu, kama shimo.

"Hawakioni," Fundi alinong'ona. "Fundi, hawakioni! Nyekundu yote hii. Nimepaka maduka, nimepaka magari, watu wanageuza shingo. Wao hawaioni."

"Basi wanaona nini?" Shangazi naye akanong'ona.

"Sijui. Labda wanaona rangi ambazo mimi sina kwenye ndoo."

Tulibaki hivyo, sisi wawili videvu juu ya ukuta, yeye amechutama ng'ambo, watu watatu na vifuniko vinne. Nakiri kwamba jambo hili nililifundishwa darasani. Siku hiyo nilikuwa nimelala, daftari likiwa limesimama mbele yangu kama pazia. Mwalimu, samahani. Hukusema kwamba linatisha hivi: kwamba mdudu mdogo kama punje ya maharage anatembea kwenye dunia hii hii yetu na anaiona nyingine.

Alasiri tulikwenda kwa muuza miche, mwanamke mnene mwenye kofia ya majani na sauti ya refa.

"Karibuni. Mnataka maua ya nani? Ya mgonjwa, ya harusi, ya kuomba msamaha?"

"Ya nyuki," alisema Fundi.

"Basi mimi msiniulize. Waulizeni wenyewe." Akatugeuzia ndoo tukae. "Tazameni wanapotua. Wanapotua, ndipo mnanunua."

Tukakaa kwenye ndoo tukatazama. Walitua kwenye mrehani uliochanua. Walitua kwenye alizeti fupi, kwenye rosemari, na kwenye kimea fulani chenye maua ya bluu madogo ambacho muuza miche mwenyewe alikiita "kile cha bluu". Kwenye ua moja zuri kupita yote, limejaa petali kama sketi ya bibi harusi, hakutua hata mmoja.

"Hili vipi?" aliuliza Shangazi.

Muuza miche akalichuma, akalipasua kwa vidole. Ndani kulikuwa na petali, na ndani ya petali, petali.

"Hili pambo tu. Limejaa mpaka mlango umeziba. Nyuki anataka ua lenye uso wazi, akifika aone katikati."

"Uso wazi," Fundi alirudia, akimtazama Shangazi.

"Tazama maua, Fundi," Shangazi alisema.

"Natazama."

Nilikohoa. Nilipewa mche nibebe.

"Na msiyatawanye," muuza miche alituandama mpaka njiani. "Mrehani pamoja, alizeti pamoja! Nyuki hapendi kuzungukazunguka dukani, anataka vitu vya aina moja vikae pamoja! Na maji! Sahani ya maji na mawe, wasizame!"

Tulipanda mpaka jua likashuka. Ugomvi ulitokea mmoja tu, kwenye tuta la giligilani, ambayo ilikuwa imerefuka na kutoa vimaua vyeupe.

"Hii imezeeka," Shangazi aliishika shinani. "Nang'oa."

"Iache, Fundi."

"Haifai tena kwa mboga."

"Kwa mboga, ndiyo. Nani kasema kazi yake ilikuwa mboga tu?"

Mkono wa Shangazi ukabaki pale shinani. Akamtazama yule mtu kwa muda, kisha akauachia mmea taratibu, akaupangusa udongo kwenye jani kwa kidole, kama anayemrekebishia mtoto kola.

Baba akapiga simu.

"Mwambie shangazi yako Jumamosi gari la mizigo linakuja kuchukua cherehani."

"Baba, si tungoje kidogo? Kuna nyuki..."

"Kuna nini?"

"Kuna... mtandao mbaya, Baba. Sikusikii. Haloo? Haloo?"

Nilikata. Lakini gari ni gari; halikatwi kama simu. Shangazi alianza kukunja vitambaa, akatia vitufe kwenye kopo. Kwenye maua tuliyopanda walikuwa wanakuja nyuki wawili watatu, wanaonja, wanaondoka. Kwenye maboga hakuenda hata mmoja.

Halafu ikaja ile asubuhi.

Niliamshwa na sauti. Nilidhani Shangazi ameanza kushona mapema, maana ilikuwa sauti ya cherehani, ile ya mshono mrefu usiokatika. Nikatoka barazani. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Shangazi alikuwa amesimama uani peku, sindano katikati ya midomo, hajui kama anayo.

Ua mzima ulikuwa unashona.

Mrehani ulitikisika bila upepo. Alizeti zilikuwa na wageni usoni. Giligilani, ile iliyozeeka, isiyofaa, ilikuwa imejaa mpaka mabua yake yameinama. Na kutoka kwenye giligilani walikuwa wanavuka, mmoja, mwingine, mwingine tena, wakishuka kwenye maua ya maboga yaliyofunguka kama tarumbeta. Nyuki anaingia mzima, unamsikia ndani akivuma, anatoka amejaa unga wa njano mgongoni, miguuni, usoni, mzito hata anayumba. Anaingia ua linalofuata. Huyo hajui Shangazi ni nani, hajui wakwe walisema nini. Anaingia tu na mzigo wake.

"Kasuku," Shangazi alisema polepole, sindano ikaanguka. "Unaona?"

"Naona."

"Usiongee."

Sikuongea. Nina ushahidi kwamba sikuongea: walimu wangu wote wataapa haijawahi kutokea. Ulikuwa ua uleule wa kuanikia nguo, wenye ndoo yetu iliyotoboka, na nilitaka kuvua viatu.

Fundi alitokeza juu ya ukuta. Hakusema "nilikwambia". Aliyatazama yote, akavua kofia.

Shangazi akaingia ndani, akatoka na uzi mwekundu. Kila ua jike ambalo alimwona nyuki akiliingia, alifunga uzi kwenye kile kiboga kidogo kilicho nyuma yake, akaacha ulegee, kidole kiweze kupita.

"Uzi mwekundu, Fundi?" aliuliza yule wa ukutani.

"Wao si hawauoni? Huu ni wa kwangu mimi."

Jumamosi gari la mizigo likaja. Dereva aliegesha kwenye geti, akapiga honi, akaingia.

"Mama, tunapakia?"

"Pakia," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kawaida anayoitengeneza. Tangu siku ile ya nyuki hakuwa amekwenda kuangalia nyuzi. Aliogopa. Nami niliogopa, sikukaribia.

Dereva akaikumbatia cherehani. Fundi akaingia getini, mikono mitupu, amevaa shati safi. Sikujua kumbe ana shati.

"Fundi, kabla hujaondoka, twende tukaangalie maboga."

"Sitaki."

"Twende."

"Yakiwa yameoza? Nitabeba hilo nalo njiani?"

"Yakiwa yameoza nitalibeba mimi."

Wakaenda. Nikafuata nyuma, maana hakuna aliyenikataza. Fundi akafunua jani la kwanza.

Kiboga kilikuwa kijani, kigumu, sawa na ngumi yangu. Na ule uzi, ule uliolegea, ulikuwa umekaza mpaka umezama kwenye ngozi. Akafunua la pili. Umekaza. La tatu, umekaza. Shangazi akapiga magoti, akaingiza kidole chini ya uzi. Hakikupita.

"Yameshika," alisema.

"Yameshika, Fundi."

"Yameshika." Akaanza kulia, akicheka. "Mbona mimi kila siku niliyaoza kwa mkono na hayakushika? Mbona mimi?"

Brashi ilikuwa bado imechomekwa kwenye udongo. Fundi aliichomoa, akaisugua kati ya vidole, akainusa. Kazi yake ni brashi.

"Hii uliitoa wapi?"

"Ni ile ya kusafishia cherehani."

"Ina mafuta. Unga na mafuta, Fundi, ni tope. Ulikuwa unayapelekea tope." Akampa brashi ainuse mwenyewe. "Si mkono wako. Haukuwa mkono wako hata siku moja."

Shangazi aliinusa. Kisha akaitupa juu ya ukuta, ikavuka, tukaisikia ikigonga ndoo upande wa jirani.

"Mama!" dereva aliita. "Cherehani ni nzito! Napakia au sipakii?"

"Ngoja kwanza," Fundi alimjibu. Akamgeukia Shangazi, akarekebisha kola. "Nyuki wamekuja wenyewe. Nimetimiza sharti. Sasa nasubiri ulisikilize neno langu."

"Sharti gani?"

"Sharti lako."

"Mimi? Nimekupa sharti?"

Fundi akatoa simu, akaonyesha. Shangazi akasoma. Nyusi zikapanda.

"Hii sikuandika mimi. Tena wewe ndiye uliyenizuia nisihame. Hii hapa." Akatoa yake.

Fundi akasoma. "Hii sikuandika mimi."

Wakaziweka simu pamoja, kichwa kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeanza kutembea kinyumenyume kuelekea jikoni, ambako palikuwa na vyombo vichafu vilivyonihitaji.

"Fundi," Shangazi alisema taratibu, "hiki kidude katikati ni nini? Nukta juu, mkato chini."

"Nakiona na huku. Mimi sijui hata simu inakiwekea wapi."

"Hata mimi sijui." Akainua kichwa. "Hapa nyumbani, ni nani anayeweka nukta mkato kwenye ujumbe wa simu?"

Hata nyuki nadhani walinyamaza.

"Kasuku!"

"Bee, Shangazi."

"Njoo hapa."

Nilikuja. Nilitazama viatu vyangu. Ni viatu vizuri, vya shule, vinahitaji rangi.

"Ni mimi," nilisema. "Yote mawili. Yeye alikuwa hasemi, wewe ulikuwa husemi, mimi likizo inaisha. Lakini nyuki si mimi! Naapa. Nyuki wamekuja wenyewe."

Dereva akaweka cherehani chini ili asikie vizuri.

Shangazi alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulieleza. Kisha akaishika simu yake kwa mkono mmoja na kuandika kwa kidole kimoja, taratibu, herufi kwa herufi, sote tukisubiri. Simu ya Fundi ikalia mkononi mwake, hatua moja tu kutoka alipo mwandishi. Akasoma kwa sauti, na sauti ikamkatika katikati:

"nyuki wamekuja wenyewe na mimi nimekuja mwenyewe sihami"

"Hii nimeandika mimi," Shangazi alisema. "Angalia, haina vidude." Akamgeukia dereva. "Rudisha cherehani barazani. Polepole, hiyo ina gauni la kushonwa. La kwangu."

Kuhusu adhabu yangu: napalilia uani kila asubuhi mpaka shule ifunguliwe, na nimeagizwa niandike ukweli wote, mbele ya watu wote. Kwa hiyo ninaliondoa Tangazo Rasmi lililo hapo juu. Lilikuwa uongo kuanzia neno "adabu". Nilihusika, mikono yangu haikuwa safi, na mshenga nilikuwa mimi. Najutia kila kitu isipokuwa matokeo.